Risala ya Wahudumu wa Uwanja wa Zamani wa Mtowisa, Siku ya Mchezo wa Watani wa Jadi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi wa tarafa, kata na vijiji,
Wazee wetu na viongozi wa dini,
Wanachama wa matawi ya Simba na Yanga,
Waamuzi, wachezaji, mabibi na mabwana,

 

1. Utangulizi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tukiwa wazima, mpunga ukiwa umeshavunwa na miguu ikiwa na nafasi ya kucheza. Karibu Mtowisa, karibu bondeni. Tunajua umeshuka kwa barabara ya Ntendo na Muze, na kwamba koti ulilotoka nalo Sumbawanga asubuhi sasa limelala kwenye kiti cha gari. Pole na safari.

Risala za siku kama hii huandikwa na viongozi wa timu, na maombi yake yanajulikana: jezi, mipira na nyavu. Ya leo imeandikwa na wengine. Sisi ni wachora mistari, walinda geti, washika kamba, waokota mipira, wabeba machela, wafagiaji na mama lishe wa uwanja huu. Wapo kati yetu walioirithi kazi hii kwa baba zao. Tumekaa chini ya mwembe ule pale, tumeshauriana, na tumetoka na neno moja: mchezo huu una watu wanaoufanyia kazi, na tunataka watu hao waandikwe, wajulikane na wapangiwe malipo yao kabla mpira haujaanza kuchezwa.

2. Utani tulioukuta

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, utani huu hatukuuzaa sisi. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na hadi 1971 Simba ilikuwa ikiitwa Sunderland. Jangwani ya Yanga na Msimbazi ya Simba ni mitaa ya Dar es Salaam ambayo wengi wetu hatujaikanyaga. Lakini wazee wetu waliifuata mechi kwa redio ya betri, watu wakiwa wamejazana uani kwa mwenye redio, na mwenye redio ndiye aliyekuwa mkubwa wa kijiji kwa jioni hiyo.

Tarehe za Dar es Salaam zimekuwa za kwetu. Juni 1, 1968, Yanga iliifunga Sunderland mabao 5-0. Julai 19, 1977, Simba ililipa kwa 6-0 katika Uwanja wa Taifa wa zamani, ambao sasa unaitwa Uhuru. Katikati yake kuna Agosti 10, 1974, Uwanja wa Nyamagana kule Mwanza, Yanga iliposhinda 2-1 katika muda wa nyongeza. Hapa Mtowisa ukitaka kumuudhi mzee wa Yanga, mwoneshe vidole sita. Ukitaka mzee wa Simba aache chakula, mtajie Nyamagana. Vijana nao wana yao, Utopolo kwa Yanga na Makolo kwa Simba.

Mwaka 2020 mpira mkubwa ukatusogelea. Agosti 2, Uwanja wa Nelson Mandela mjini Sumbawanga ulipokea fainali ya Kombe la Shirikisho, Simba ikaifunga Namungo 2-1. Oktoba 22, Tanzania Prisons, ambayo wakati huo ilikuwa ikiutumia uwanja huo kama nyumbani, iliifunga Simba 1-0. Desemba 31 ikatoka sare ya 1-1 na Yanga. Watu wa bonde walipanda mlima juu ya malori ya mpunga, wakalala kwa ndugu, wakarudi sauti zimekauka. Baadhi yetu tulipanda pia, wengine kutazama, wengine kuuza maji na karanga. Wenzetu walirudi wakisimulia mabao. Sisi tulirudi tukisimulia mageti: nani anasimama wapi, nani ana kizibao cha rangi, nani anapita na nani anarudishwa. Ndipo tulipotambua kwamba kazi tunayoifanya huku kama msaada, kwingine ni kazi kamili.

3. Kazi tunazofanya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mchezo wa tawi la Simba na tawi la Yanga hapa kwetu huanza saa kumi jioni kwa mtazamaji. Kwetu sisi huanza kabla ya jogoo.

Mchora mistari hutangulia. Ana kamba yenye mafundo, na kila fundo lina kipimo chake: goli mita 7.32 kutoka mwamba hadi mwamba, penalti mita 11, duara la kati mita 9.15 kutoka kwenye mambo iliyopigwa katikati. Chokaa ikikosekana, tunachoma pumba za mpunga za mashineni usiku kucha. Zikiiva vizuri majivu yake huwa meupe. Zisipoiva hutoka ya kijivu na refa hununa. Upepo wa saa tisa ukianza, mistari inahama, na mchoraji anazunguka tena na ndoo yake huku wachezaji wakipasha misuli juu ya kazi aliyoimaliza dakika ileile.

Mfagiaji huanzia golini, na wakubwa mliopo hapa mnajua kwa nini. Siku ya watani hakosi kukuta yai limevunjwa, au unga umemwagwa, au kitambaa kimefukiwa mguuni mwa mwamba. Timu nayo ikifika haitaki kupita geti rasmi, inaruka uzio wa miba ubavuni, na uzio huo tunautengeneza sisi. Na kwa jinsi watu wa Rukwa tunavyosemwa nchi nzima kwa ushirikina, hakuna mjumbe wa kamati anayethubutu kuligusa yai hilo. Linamsubiri mfagiaji na ufagio wake.

Getini huwa tunasimama wawili wawili, mmoja wa Simba na mmoja wa Yanga, ili kila mmoja amchunge mwenzake asipitishe watu wa upande wake bure. Utaratibu huu hatukufundishwa na mtu. Tuliuanzisha wenyewe baada ya msimu mmoja ambao kila tawi lilidai mapato yameliwa na watani zao.

Washika kamba husimama wameupa uwanja mgongo. Goli likifungwa wanalijua kwa nyuso za watu waliowakabili, na kwa kamba inavyowavuta viganja. Wapo waliozeeka katika kazi hii bila kuona bao hata moja la mchezo huu likiingia wavuni.

Waokota mipira ni watoto wetu. Nyuma ya goli la mashariki kuna majaruba na mfereji, na mpira ukienda huko mtoto hutumbukia hadi magotini. Akichelewa ataambiwa ametumwa na wanaoongoza. Akiwahi ataambiwa ametumwa na wanaofuata.

Mama lishe wanapika wali na samaki wa Ziwa Rukwa kuanzia saa nne. Hesabu yao inategemea matokeo, maana tawi lililofungwa huondoka kwa njia ya mkato na madeni ya sahani.

4. Jambo moja tunalolikumbuka

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mambo tuliyoyaona uwanjani hapa ni mengi, ila moja linatosha kukuonesha kazi hii ilivyo.

Mwaka mmoja mchezo ulikuwa sare, umebaki muda mfupi. Mshambuliaji wa tawi la Yanga akaangushwa karibu na mstari wa kumi na nane. Refa akapuliza filimbi, akatazama chini, na chini hapakuwa na mstari. Upepo na njumu vilikuwa vimeufuta. Yanga wakasema ni penalti, Simba wakasema ni faulo ya nje. Watu wakavuka kamba pande zote mbili, na wazee waliokuja na fimbo za kutembelea wakaanza kuzishika vingine.

Refa akamwita mchora mistari. Hebu fikiri nafasi ya mtu huyo. Akisema ndani, ameuza Simba. Akisema nje, ameuza Yanga. Hakusema chochote. Aliifuata kamba yake iliyokuwa imetundikwa mwembeni, akamwomba nahodha wa Simba ashike ncha kwenye mstari wa goli, akamkabidhi nahodha wa Yanga fundo la mita 16.5, akawaambia wavute wenyewe. Kamba ikanyooka mbele ya watu wote. Alama ya kisigino ilikuwa nje ya fundo, kama urefu wa wayo mmoja.

Yanga walipiga faulo, ikapaa. Mchezo ukaisha sare, na wala hakuna aliyevunjwa kichwa. Mchora mistari alirushiwa mabonge ya udongo, akarudi nyumbani kwa njia ya mashambani. Wiki ile kamati ya mashindano ya wakati huo ilipogawa mapato, waamuzi walipata, timu zilipata, soda za wageni zililipwa, na mtu aliyeuokoa mchezo kwa kamba yake mwenyewe aliambiwa fungu limekwisha. Kamba ile ilikuwa ya kufungia ng'ombe wake.

5. Malalamiko yetu

Tunayaeleza bila kutaja jina la mtu wala kamati yoyote, maana kamati zimebadilika na tabia imebaki ileile.

(a) Malipo. Sisi hulipwa kukibaki, na hakibaki. Katika karatasi ya mgawanyo wa mapato hatuna mstari wetu. Tumo ndani ya "mengineyo", pamoja na betri za kipaza sauti. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Wachezaji wanatunzwa na tunawapigia makofi. Tunauliza tu, anayemwandalia mcheza kwao hutunzwa na nani?

(b) Kuumia kazini. Kijana wa mipira alikatwa unyayo na chupa iliyotupwa kwenye mfereji. Mshika kamba alivunjika kidole watu walipouvamia uwanja. Wote wawili walitibiwa kwa fedha za wazazi wao. Machela yetu ni turubai na miti miwili, na sanduku la dawa halina kitu.

(c) Mlango mmoja. Siku ya watani watu wote huingia na kutoka kwa geti moja, na dakika za mwisho hufungwa ili wasio na tiketi wasipenye. Hili ndilo linalotunyima usingizi. Oktoba 23, 2010, watu saba walikufa kwa kukanyagana wakiingia Uwanja wa Nyayo, Nairobi, katika mchezo wa Gor Mahia na AFC Leopards. Mei 9, 2001, mjini Accra nchini Ghana, watu zaidi ya 120 walikufa katika mchezo wa Hearts of Oak na Asante Kotoko. Polisi walirusha mabomu ya machozi, watu wakakimbilia milango, wakaikuta mingine imefungwa. Viwanja hivyo ni vya zege na vya maelfu ya watu. Chetu ni cha uzio wa miba, lakini miba na mlango uliofungwa vinatosha kabisa kuua mtoto.

(d) Kutotambulika. Leo yeyote mwenye sauti kubwa anaweza kusimama getini akajiita mlinzi. Madhara yake yameonekana hata Dar es Salaam. Machi 8, 2025, mchezo wa Yanga na Simba haukuchezwa, baada ya Simba kueleza kwamba jioni ya kuamkia siku hiyo walizuiwa kuingia Uwanja wa Benjamin Mkapa kufanya mazoezi, na kwamba waliowazuia walikuwa watu wa upande wa pili. Mchezo ulikuja kuchezwa Juni 25, Yanga ikashinda 2-0, na hadi leo watu wanabishana kuhusu mlango kuliko kuhusu mabao. Kama swali la nani ana mamlaka ya kusimama mlangoni limesimamisha mchezo katika uwanja wa watu 60,000, huku kwetu penye kamba na gunia la sarafu tusilichukulie wepesi.

(e) Mama lishe. Siku ya mchezo hupita mtu na daftari akidai ushuru wa meza, bila kutoa risiti. Mwaka mwingine hupita mwingine, na daftari jingine. Wanalipa kwa kuogopa kufukuzwa wali ukiwa umeshaiva. Na katika uwanja mzima hakuna choo cha wanawake.

(f) Watoto. Waokota mipira hukaa juani kuanzia saa saba, bila maji wala chakula, na wengine huwa wametoka shule moja kwa moja.

6. Madai yetu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatukuja na bakuli. Tumekuja na hesabu, na tunadai yafuatayo:

Kwanza, liwekwe daftari la wahudumu wa uwanja, lenye jina, kazi na nafasi ya kila mmoja, litunzwe katika ofisi ya kata. Asiyekuwa humo asisimame getini wala kushika kamba. Aliyemo apewe kizibao chenye namba.

Pili, sehemu moja katika kila kumi ya mapato ya getini itengwe kwa ajili yetu kabla ya mgao mwingine wowote, na igawiwe jioni ileile mbele ya wawakilishi wa matawi yote mawili. Mapato yakiwa madogo, tutapata kidogo, na hatutalalamika. Tunachokataa ni kungoja mabaki.

Tatu, ufunguliwe mlango wa pili upande wa mashariki, penye mfereji, liwekwe daraja la mbao, na iwe marufuku kufunga mlango wowote wakati watu wakiwa ndani. Mbao tunazo na fundi wa kuzipiga tunaye, tunaomba misumari na idhini.

Nne, siku ya mchezo awepo mhudumu wa afya mwenye sanduku la dawa lililojaa, na anayeumia akiwa kazini atibiwe kwa fedha za mchezo.

Tano, ushuru wa meza uwe mmoja, wenye kiwango kilichobandikwa getini na risiti inayotolewa hapohapo. Sehemu ya ushuru huo ichimbe vyoo, cha wanawake kikitangulia.

Sita, waokota mipira wasiwe chini ya umri ambao wazazi na walimu watakubaliana, waje kwa ridhaa ya mzazi, na wapewe maji, chakula na kivuli.

Saba, tusaidiwe kusajili kikundi chetu. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kati yetu makundi yote matatu yamo. Kwa mkopo huo tutanunua viti, turubai na sufuria za kukodisha kwenye harusi na misiba, ili uwanja utulishe hata miezi ambayo hakuna mchezo.

7. Ahadi zetu

Anayedai naye ana deni, na sisi tunaahidi haya. Siku ya mchezo hakuna mhudumu atakayevaa nyekundu, njano wala kijani. Utani wetu tutauacha nyumbani na kuuchukua tena baada ya filimbi ya mwisho. Utaratibu wa kusimama wawili wawili getini utaendelea, na gunia la kiingilio litafunguliwa na kuhesabiwa hadharani. Atakayebainika kupokea fedha kwa mlango wa nyuma tutamfuta wenyewe katika daftari, hata akiwa ndugu yetu. Na kamba ya mafundo tutawafundisha vijana wawili, mmoja kutoka kila tawi, ili elimu hiyo isizikwe na mtu mmoja.

8. Hitimisho

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaupenda mchezo huu. Tumewaona watu waliotukanana jioni wakisaidiana asubuhi kukwamua lori la mpunga kwenye matope ya Muze. Tumewaona wakwe wakikaa pande mbili za kamba na kula sinia moja baadaye. Utani wa namna hiyo unahitaji uwanja uliopimwa sawasawa, geti lenye haki na mtu wa kusimama katikati, na watu wa kufanya hayo ndio tuliosimama mbele yako.

Daftari tumeshalinunua. Liko mezani mbele yako, majina yetu yameandikwa, nafasi ya sahihi iko wazi. Tunaomba ulifungue leo kwa mkono wako, na kwa madai mengine tupewe jibu kwa maandishi kabla ya mpunga wa mwakani kuvunwa.

Mchezo wa leo utaanza saa kumi kama ulivyotangazwa, na kila mmoja wetu atakuwa mahali pake. Hatuwezi kuwaadhibu wachezaji wala wageni waliotoka mbali kwa jambo lisilo lao. Lakini mwakani, jibu lisipokuwa limekuja, tutakuja uwanjani kama watu wengine, tutalipa kiingilio kwa yeyote mtakayemweka getini, tutaketi upande wa timu zetu na kutazama. Mistari mtaichora wenyewe.

Tunaomba kuwasilisha.

Sisi,
Wahudumu wa Uwanja,
Mtowisa, Sumbawanga